Kovu kwenye Lenzi ya Tulia

Jina la Tulia binti yangu alipewa na wateja wake. Nililompa mimi halitumiki tena, hata nyumbani. Mtu akikaa mbele ya kamera yake husikia neno hilohilo: "Tulia, baba. Tulia hapo hapo, shangazi, usihame." Huku mkono wake wa kushoto unazungusha pete ya lenzi polepole, kama anayefungua kifuniko cha chupa ya dawa, mpaka aone nyusi za mtu unywele kwa unywele. Ndipo abonye. Kamera za wenzake hujilenga zenyewe, zikalia "bip" na kazi ikaisha. Yake hailii. Lenzi yake ina umri kunishinda mimi, na haijui kujilenga. Inalengwa na mtu.

Naandika habari zake kwa sababu nimechoka kuzisikia zikisimuliwa vibaya. Kuna mtu alimwita binti yangu mharibifu wa mali za watu. Alisema mbele ya foleni, mchana kweupe, na waliousikia uongo ule ni wengi kuliko waliousikia ukweli. Uongo hutembea na viatu, ukweli hufuata nyuma pekupeku. Basi na mimi nauvisha wangu viatu.

Lenzi ilikuwa ya baba yangu. Alikuwa na studio ya chumba kimoja, yenye pazia lililochorwa maporomoko ya maji na stuli ya kuzunguka. Alipofariki, kaka zangu waligawana vilivyoonekana vya maana: redio, kabati, baiskeli. Kamera ilikuwa imekwisha kuliwa na kutu. Lenzi ilibaki ndani ya kopo la maziwa ya unga, imeviringishwa kwa soksi, na hakuna aliyeigombea. Kopo nililichukua mimi, kwa sababu mimi ni mpiga pasi na mshona vifungo, na lilikuwa kopo zuri la kuwekea vifungo.

Tulia ndiye aliyeivua soksi. Aliishika dirishani akaweka karatasi nyeupe nyuma yake, na ukuta wa jirani ukatokea kwenye karatasi, kichwa chini miguu juu, na nguo zake zote kwenye kamba. Aliniita kwa sauti nikadhani ameumwa na nge. Tangu siku hiyo sikuwa na kopo la vifungo.

Alipoanza kujitegemea alinunua kamera ya kidijitali ya mtumba, bodi tupu. Muuzaji aliiachia kirahisi kwa sababu haikuwa na lenzi, na kamera bila lenzi ni mdomo bila meno. Lakini lenzi ya babu yake haikuingia. Mdomo na meno havikuwa vya ukoo mmoja. Akaenda kwa fundi wa kuchonga vyuma, akamchongea pete nyembamba ya kuunganisha. Fundi alipozifunga pamoja alisema, "Nimefungisha ndoa ya kizee na kijana. Wakigombana msiniite kusuluhisha."

Na kweli walianza kwa ugomvi. Kamera ikaandika kwenye kioo chake kidogo kwamba haina lenzi. Lenzi hii hapa imeziba mdomo wake, nayo inasema haina! Nikamwambia Tulia, "Mbona inamkana babu yako mchana kweupe?" Akacheka, akabonya hapa na pale, akaiamuru ipige hivyo hivyo.

Mimi ni mtu wa wasiwasi, sifichi. Nilihofia macho yake. Kutwa nzima jicho moja kwenye kitundu, jingine limefumbwa. Na ile kazi si ya mara moja: kwanza anafungua tundu la lenzi lote ili apate mwanga wa kulengea, kisha kabla ya kubonya analifunga kiasi kwa pete ya pili, anasikiliza vidoko kwa sikio. Akisahau kulifunga, picha inaungua kwa mwanga. Niliwahi kuchungulia akiwa amelifunga, nikaona giza kama la chini ya kitanda. Nikasema, "Mwanangu, wenzako wanabonya tu." Akasema, "Mama, na wewe wenzako wana pasi za umeme." Hapo alinipata, maana pasi yangu ni ya makaa na sitaki mtu aiguse.

Kazi aliipata kwenye studio ya pembeni ya lango la hospitali. Mwenyewe anaitwa Chapuchapu, na ndivyo kibao chake kinavyosema: Picha Chapuchapu. Ni mtu wa mbio hata akisalimia. Unajibu "salama" ameshafika mlango wa pili. Ana kamera kubwa ya bei mbaya, na lenzi nene kama chupa ya chai. Kwa kamera ya ofisi Tulia alipiga picha za vitambulisho na za shule. Ya kwake aliitumia kwa wateja walioiomba.

Mwanzoni hawakuiomba. Walimcheka, na mcheshi mkuu alikuwa bosi.

"Jamani pisheni, makumbusho yanapita!" alikuwa akisema Tulia akifungua kopo. "Da Tulia, hicho chuma chako kinatumia kuni au makaa?"

"Kinatumia subira, bosi," Tulia alijibu. "Hapa dukani hamuiuzi."

Nilikuwa nampelekea chakula cha mchana, kwa hiyo hayo niliyaona kwa macho yangu. Nilimwona pia seremala mmoja mzee, amesimama pale kaunta na picha mbili mikononi. Moja imepigwa na bosi, moja na binti yangu. Aliziangalia, akairudisha ya bosi. "Huyu ni mtu anayefanana na mimi," alisema. "Huyu wa pili ndiye mimi." Bosi alicheka sana siku hiyo. Alicheka kupita kiasi, na anayecheka kupita kiasi mimi humtazama mara mbili.

Baada ya hapo wateja wakaanza kusema, "Mimi nasubiri ya Tulia." Wazee hasa, na wanawake wenye watoto wachanga. Foleni ya bosi inakwenda mbio, foleni ya binti yangu imekaa benchi inapiga soga.

Sasa kuna jambo moja ni lazima lieleweke, maana ndilo lililoleta balaa. Ndani ya kamera hizi kuna kioo kidogo kinachoinuka kila unapobonya, kisha kinarudi. Kamera ya Tulia ni ndogo, na kioo chake kifupi. Kamera ya bosi ni kubwa, na kioo chake kipana. Lenzi ya baba yangu ina tako refu linaloingia ndani. Ukilenga kitu cha karibu, tako linasogea mbele na hakuna neno. Ukizungusha pete kulenga mbali, tako linarudi nyuma, na kwenye kamera kubwa kioo kikiinuka kinaligonga. Tulia alilijua hilo tangu mwanzo. Hakuwahi hata kujaribu kuifunga lenzi yake kwenye kamera ya bosi, ingawa mdomo ni wa aina moja.

Siku moja bosi alimtuma shuleni akapige picha za wanafunzi kwa kamera ndogo ya ofisi. Kopo aliliacha rafuni, kama siku zote. Aliporudi alikuta kamera kubwa juu ya kaunta imefumbua mdomo, kioo cha ndani kimening'inia upande mmoja kama jino la mtoto. Kando yake lenzi ya babu yake, nje ya soksi. Wateja wamejaa.

"Umeona kazi yako?" bosi akamwambia. "Nilikukataza kuchezea kamera yangu na hicho chuma?"

"Sijaigusa, bosi. Nimetoka shuleni sasa hivi."

"Umeigusa asubuhi kabla hujaondoka."

Binti yangu akaishika lenzi, akaigeuza. Kwenye tako, pale kwenye rangi nyeusi, kulikuwa na mkwaruzo mpya unaong'aa shaba. Akasema, kwa utulivu wake ule unaoniua mimi, "Bosi, lenzi hii ikifungwa kwenye kamera yako inagonga kioo ukiizungusha kulenga mbali. Ndiyo maana sijawahi kuifunga. Kuna mtu ameifunga."

"Mmesikia?" bosi akawageukia wateja. "Mmesikia wenyewe? Kama hakufanya, amejuaje inavyogonga?"

Watu wakatikisa vichwa. Nasema tena, wakatikisa vichwa! Mpishi akisema mafuta ya moto yanababua, basi ndiye aliyembabua jirani? Binti yangu alisema alichokijua ili kusaidia, nao wakakifanya kamba ya kumfungia. Bosi akaichukua lenzi, akaitia kwenye droo, akafunga kwa ufunguo. "Umenivunjia jicho, nami nashika lako. Itakaa hapa. Nenda nyumbani."

Alifika nyumbani na kopo tupu. Aliweka soksi juu ya meza, akainyoosha kwa kiganja, akaikunja, akainyoosha tena. Hakulia. Ingekuwa nafuu. Kesho yake seremala mzee alimleta mkewe apigwe picha, wakamkuta Tulia amekaa barazani na bodi tupu imezibwa kwa kipande cha plastiki. "Leo sina jicho, babu," akawaambia. Yule mama alikuwa amevaa gauni lake zuri. Waliondoka polepole na mimi nikabaki naangalia visigino vyao.

Nilikwenda kwa Chapuchapu. Sikuvaa vizuri, nilikwenda na aproni yangu.

"Mwanangu hajavunja kamera yako," nilimwambia.

"Mama, wewe ulikuwepo?"

"Hukuwepo na wewe hapo unaposema aliigusa, kwa hiyo tumelingana."

Foleni ikacheka kidogo. Yeye hakucheka. "Mama, kila mzazi mwanawe ni malaika. Nenda kapige pasi. Mambo ya vyombo vya kisasa hayana ubishi wa barazani."

Nilitoka pale masikio yanawaka. Lenzi ya baba yangu, iliyokaa na vifungo vyangu, leo imefungiwa kwenye droo ya mtu aliyeiita makumbusho! Na kama ni takataka, ya nini kuifungia? Swali hilo nilitembea nalo mpaka nyumbani, nikalala nalo, nikaamka nalo. Mtu hafungi takataka kwa ufunguo.

Sasa sikilizeni Mungu alivyo. Mashati ya Chapuchapu napiga pasi mimi. Huyaleta mama yake mzazi, bibi mmoja mwembamba anayekaa chumba cha nyuma ya studio, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Bibi yule hajui habari za mbele ya duka. Magoti hayamruhusu, huingilia na kutokea mlango wa uani. Alikuja na furushi lake kama kawaida, akakaa kwenye kibao changu, akaanza kuhema.

Niliyapokea kwa adabu, maana yeye hana kosa. Lakini lile shati la kwanza nilipolitandaza, pasi ikiwa imejaa makaa, niliitazama kola yake kwa muda. Shetani alinong'ona. Nikamwambia aende zake, ila hakwenda mbali.

"Mama Tulia," bibi akasema, "nilitaka nije nikushukuru mapema, magoti tu. Mwambie binti yako ahsante sana kwa kutuazima."

"Kuazima nini, bibi?"

"Ile lenzi ya marehemu baba yako. Mwanangu amenipiga nayo picha." Akaingiza mkono kifuani akatoa picha imefungwa kwenye kitambaa. "Hebu nitazame nilivyo mrembo."

Niliipokea. Alikuwa yeye, amekaa mlangoni pa chumba chake, uzi wa miwani unaonekana nyuzi kwa nyuzi, na nyuma yake ukuta umeyeyuka laini kama samli. Ulaini ule naujua. Ukuta wa nyumba yangu umeyeyuka hivyo mara nyingi.

Niliiweka pasi kando, kwenye kigae chake. Kama ningeendelea kuishika ningeitia mahali.

"Alikupiga lini, bibi?"

"Siku ile binti alipokwenda shuleni kupiga watoto. Mimi ndiye niliyemsumbua. Nilimwambia, wee mtoto, picha zako zinanitoa kama maiti iliyokwisha kuoshwa, kwa nini za yule binti zinanitoa nina damu? Akasema leo nitakupiga kwa lenzi yake. Alinipiga vizuri, nilikuwa karibu naye kama wewe hapa. Halafu nikamwambia, nipigie na lango langu la uani kule mwisho, na nguo zangu kwenye kamba. Akazungusha kile chuma, akabonya. Ikalia ka! Kama mtu aliyevunja bisi kwa meno. Akanuna, akaingia ndani, mpaka leo hajanipigia lango langu." Akanitazama. "Mbona umesimama?"

Nikamweleza yote. Nilimweleza bila kupandisha sauti, na kuna majirani wanaweza kushuhudia kwamba hilo ni jambo jipya. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Akaikunja picha kwenye kitambaa, akairudisha kifuani, akasema, "Nipe mkono niinuke. Leo napitia mlango wa mbele."

Tulitembea kwa magoti yake, yaani kila nguzo ya umeme tulisimama. Tulia alitufuata akisema, "Mama, acha, yataisha tu." Nikamwambia, "Haya hayaishi yenyewe, yanamalizwa."

Studio ilikuwa imejaa kama siku ile. Chapuchapu alikuwa anampanga mtu mbele ya kitambaa cheupe kwa kamera ndogo. Alipomwona mama yake mlango wa mbele alisahau kubonya.

"Mama! Umepata nini? Umeanguka?"

"Nimeanguka kwa aibu. Nani amevunja kamera yako?"

"Mama, hapa kazini. Tuongee ndani."

"Ndani gani? Ulimsema binti wa watu ndani?" Bibi akatoa picha, akampa mteja wa kwanza kwenye foleni, mwanamke mwenye mtoto mgongoni. "Itazame, mwanangu, halafu mpe mwenzako. Hiyo nimepigwa na huyu niliyemzaa, kwa lenzi ya huyu binti, bila kumwomba. Tukapiga ya pili, kamera ikalia ka. Kuna mwingine anataka kuuliza?"

Picha ikapita mkono kwa mkono. Kijana mmoja nyuma akasema, "Bosi, kumbe na wewe unapenda makumbusho!" Foleni ikapasuka kicheko. Nilikuwa nimeota kicheko hicho usiku na mchana, lakini nilipokisikia hakikunishibisha. Wengi waliocheka siku ile hawakuwa wale waliotikisa vichwa. Wale walishachukua picha zao wakaenda na uongo makwao.

Chapuchapu alifungua droo. Aliitoa lenzi akaiweka juu ya kaunta kwa kuisukuma na kidole, kama mtu anayerudisha sahani chafu. Tulia aliichukua, akaipuliza, akaizungusha pete kuelekea karibu, akaizungusha kuelekea mbali. Ile pete iliyochongwa na fundi ilikuwa imepinda kidogo, maana bosi aliing'oa kwa nguvu. Kioo cha lenzi kilikuwa kizima. Kovu liko palepale kwenye tako, halitoki.

"Ilikuwa bahati mbaya," bosi akasema, akitazama ukutani. "Njoo kesho kazini kama kawaida."

Bahati mbaya! Kuvunjika kwa kioo ni bahati mbaya, nakubali. Lakini kumtazama mtoto wa mwenzio usoni, ukijua, ukamwambia wewe ndiye, hiyo nayo ni bahati? Neno samahani lina herufi chache, na mpaka ninapoandika haya bado hajapata nafasi ya kulitamka. Mtu wa chapuchapu hakosi muda ila wa hilo.

Tulia alimjibu, "Kesho sitakuja, bosi." Akamgeukia bibi. "Bibi, lango lako bado hujapigiwa. Twende."

Fundi aliinyoosha pete, akasema ndoa imetikisika ila haijavunjika. Sasa binti yangu anapigia picha barazani kwangu. Tumepaka chokaa ukuta mmoja, na kibao changu cha kupumzikia wateja ndio kiti cha studio. Mke wa seremala alirudi na gauni lake. Mimi napiga pasi upande huu, yeye analenga upande ule, na siku nzima nasikia "tulia, shangazi, tulia." Bado nahofia macho yake.

Lakini hasira yangu ina sehemu ya mwisho. Picha ile ya lango, yenye bibi ameegemea nguzo yake na mashati ya mwanawe kwenye kamba nyuma yake, ilitoka nzuri kuliko zote. Bibi akaomba nakala mbili. Wiki iliyofuata nilipita kwa Chapuchapu, nikaikuta imetundikwa kwenye kioo cha mbele, ndani ya fremu, chini ya kibao chake, imekubaliwa na watu kuwa kazi yake. Wamesimama wawili wanaisifu.

Tulia ananiambia niache, kwamba bibi ndiye mwenye picha na mama ana haki ya kuitundika kwa mwanawe. Huenda. Lakini mimi napita pale kila ninapokwenda kununua makaa, na nikikuta mtu amesimama anaitazama, nasimama naye. Nagonga kioo kwa kidole, ko ko, mpaka mwenyewe ainue kichwa kule ndani.

"Hii," namwambia mtu, "imepigwa na Tulia. Anakaa barazani kwa mpiga pasi. Ukienda, usiwe na haraka."